BWANA SHAMBA ANAZUNGUMZA NAWE: Huduma ya kwanza kwa mtu aliyeumia moyoni

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya dumuzi. Tulisema jinsi ya kukausha mahindi na jinsi ya kusafisha ghala. Mwezi huu tunaweka mahindi kando. Nataka tuzungumze juu ya mtu mwenyewe anayelima mahindi hayo.

Najua utauliza: bwana shamba na maradhi ya akili, wapi na wapi? Ni kweli, mimi nina cheti cha kilimo. Sina cheti cha udaktari. Lakini soma kwanza. Ukimaliza, utaamua mwenyewe kama jambo hili linamhusu bwana shamba au halimhusu.

YALIYOTOKEA NGAMIANI

Mimi nakaa Ngamiani, hapa Tanga mjini. Aliyefika Ngamiani anazijua barabara zake za namba. Analijua pia soko la Mgandini. Wakulima kutoka Pongwe, Kirare na Mabokweni huleta mazao yao mjini. Wakimaliza kuuza, hununua mahitaji yao na kurudi kwao. Siku nyingine mimi hupita penye maduka ya pembejeo, kwa sababu najua nitawakuta wakulima wangu hapo.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Septemba, nilimkuta mkulima mmoja dukani. Nilikuwa namfahamu. Ni mtu wa kazi, mwenye mke na watoto wanne. Alikuwa ameshika chupa ya dawa ya kupulizia wadudu shambani.

Aliniamkia, nikaitika. Kisha akaniuliza, "Bwana shamba, dawa hii ina nguvu?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamwambia, "Ina nguvu sana, ndugu yangu. Usicheze nayo." Nikamfundisha yote. Nilimwambia avae glavu. Nilimwambia asipulize upepo ukimwelekea. Nilimwambia aoge akimaliza. Yeye alitikisa kichwa tu. Hakuuliza swali la pili. Nikamuaga, nikaenda zangu. Nilijiona nimefanya kazi nzuri siku ile.

Sasa, ndugu msomaji, wewe ni mkulima. Hebu fikiri. Ulikuwa mwezi wa Septemba. Mahindi ya masika yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Ya vuli yalikuwa hayajapandwa. Shambani mwake hapakuwa na kitu cha kupulizia. Mtu wa kwanza kuliona jambo hilo angekuwa mimi, bwana shamba. Nami sikuliona. Niliitazama chupa, sikumtazama mtu.

MAMA MUUZA VITUMBUA

Nje ya duka lile kuna baraza. Barazani huketi mama mmoja mtu mzima, anauza chai na vitumbua. Mkulima yule alinunua chai, akaketi. Chupa ilikuwa ndani ya mfuko, karibu na miguu yake.

Mama aliendelea kuuza. Wateja wakaja, wakaenda. Baada ya muda mrefu akatazama, akaona kikombe bado kimejaa. Akasogea karibu naye.

"Mwanangu, chai umeinunua, lakini hujainywa. Una nini?"

"Sina kitu, mama."

Mama hakuondoka. Aliketi hapo hapo, akanyamaza. Baada ya muda mkulima akaanza kusema. Alisema juu ya deni. Alikopa fedha za kulimia, mvua haikuwa nzuri, na mkopeshaji alikuwa amekuja nyumbani mbele ya watoto. Alisema hajalala vizuri kwa miezi miwili. Alisema watu wake watapumzika akiondoka.

Hapo mama akamwuliza waziwazi, kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unataka kujiua?"

Mkulima hakujibu. Alilia.

Mama hakupiga kelele. Hakumwambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Aliuchukua ule mfuko, akampa mwenye duka aufungie. Akamwomba kijana mmoja auze vitumbua. Akaomba namba ya simu ya kaka yake mkulima, akampigia. Hakumwacha peke yake hata dakika moja mpaka kaka alipofika. Kisha wote watatu wakapanda bajaji, wakaenda hospitali.

Mkulima yule yu hai. Alipata matibabu. Analima mpaka leo. Deni lilizungumzwa mbele ya wazee, likapangiwa muda. Mwenyewe ameniruhusu nisimulie habari hii bila kutaja jina lake. Alisema, "Waandikie. Huenda ikamfaa mwingine."

Mimi nina cheti ukutani. Mama yule alisomea kisomo cha watu wazima tu. Lakini siku ile yeye ndiye aliyetoa huduma ya kwanza, nami nilipita.

HUDUMA YA KWANZA NI NINI?

Mtu akijikata kwa panga shambani, wewe hufanya nini? Humshoni. Huna sindano wala ujuzi huo. Lakini humwachi damu imwagike. Unabonyeza jeraha kwa kitambaa safi, unalifunga, unampeleka zahanati. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza. Ni msaada wa mtu wa kawaida, kabla mgonjwa hajafika kwa mganga.

Akili na moyo pia huumia. Na mtu aliyeumia hivyo naye anahitaji huduma ya kwanza. Anayetoa huduma hiyo si daktari. Hatoi dawa. Hatamki jina la ugonjwa. Kazi yake ni kuona, kusikiliza, kumlinda mtu na hatari, na kumfikisha penye msaada.

Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mwaka 2019, katika kila watu 8 duniani, mtu 1 alikuwa na tatizo la afya ya akili. Hebu hesabu watu wa nyumba kumi zilizo karibu nawe. Utaona kwamba ugonjwa huu hauko mbali. Si wa mjini tu, wala si wa watu wa nje tu.

ELIMU HII ILIANZIA WAPI?

Mwaka 2000, katika nchi ya Australia, mwuguzi mmoja aitwaye Betty Kitchener alianza kufundisha watu wa kawaida huduma hii. Alishirikiana na mumewe, Tony Jorm, ambaye ni mtaalamu wa afya ya akili. Bibi Kitchener mwenyewe aliwahi kuugua sonona. Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Aliona kwamba watu wanafundishwa kumsaidia aliyevunjika mguu, lakini hawafundishwi kumsaidia aliyevunjika moyo. Leo mafunzo hayo yameenea katika nchi nyingi.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa kitabu cha kuwasaidia watu waliopatwa na maafa, kama vita, mafuriko au ajali kubwa. Mafundisho yake yamejengwa juu ya maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Maana ya kuunganisha ni kumfikisha mtu kwa jamaa zake na kwa wale wanaoweza kumsaidia.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Afrika, wa majirani zetu wa Zimbabwe.

BIBI KUMI NA WANNE WA HARARE

Huko Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda. Siku moja alipata habari kwamba mgonjwa wake, msichana, amejiua. Familia yake ilikuwa imekusudia kumleta hospitali. Haikuwa na nauli ya basi.

Daktari yule alijiuliza: kama mgonjwa hawezi kufika hospitali, msaada utamfikiaje? Madaktari wa akili nchini walikuwa wachache mno. Lakini aliona kuna watu ambao hawakosekani katika mtaa wowote. Watu hao ni bibi zetu.

Mwaka 2006 alianza kazi na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Walifundishwa kusikiliza na kuuliza maswali. Waliwekewa benchi la mbao nje ya zahanati, chini ya mti. Mtu mwenye mawazo huja, huketi, huzungumza na bibi. Huitwa Benchi la Urafiki.

Wao hawakutumia majina magumu ya kidaktari. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa. Maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Je, si sawa na sisi tunaposema, "Fulani ana mawazo"?

Bibi hamwambii mtu la kufanya. Humsaidia kutaja matatizo yake yote, kuchagua moja, na kutafuta hatua ya kwanza ya kulitatua. Wiki inayofuata wanakutana tena, wanatazama hatua ile imefika wapi.

Je, kazi ya bibi inafaa kitu? Wataalamu walipima. Walichukua watu 573 wenye mawazo mazito katika zahanati za Harare. Wengine walikwenda kwenye benchi, wengine walipata huduma ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, kati ya kila watu 100 wa huduma ya kawaida, kama 50 walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya kila watu 100 waliokaa na bibi, waliobaki na dalili hizo walikuwa kama 14 tu.

Benchi hilo limefika nchi nyingine pia. Limefika Malawi. Limefika hata Zanzibar, ng'ambo ya bahari yetu hii.

KWETU PIA KUNA HISTORIA

Msidhani kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Katika mkoa wetu wa Tanga, milimani Usambara, wilaya ya Korogwe, kuna hospitali ya Lutindi. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walijenga pale makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakaanza kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ni mojawapo ya hospitali za kwanza za namna hiyo katika Afrika Mashariki. Mpaka leo wagonjwa huko hutibiwa, na wanaoweza hufanya kazi za shamba na za mikono.

Mwaka 1969 kilianzishwa kijiji cha kilimo cha wagonjwa wa akili huko Hombolo, karibu na Dodoma. Waliopata nafuu walilima na kujiandaa kurudi kwao. Mimi kama bwana shamba jambo hilo linanifurahisha. Jembe pia lina sehemu yake katika kumrudisha mtu.

Miaka ya 1980 Serikali, pamoja na Shirika la Afya Duniani na msaada wa Denmark, ilianza kazi katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kuyatambua na kuyatibu maradhi ya akili karibu na nyumbani. Shabaha ilikuwa mgonjwa asisafirishwe mbali mpaka Mirembe bila sababu.

Na mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango mkubwa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaotoka katika vitongoji na mitaa yenyewe. Basi msingi upo. Kilichobaki ni sisi majirani kujifunza sehemu yetu.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mkulima hodari huona jani likianza kugeuka rangi. Hangojei mmea ukauke. Vivyo hivyo, mtazame mwenzako. Dalili hizi, zikidumu kwa wiki mbili au zaidi, si za kupuuza:

1. Halali usiku, au analala mno.

2. Hali vizuri, amekonda.

3. Amejitenga. Haji msikitini, kanisani, mkutanoni wala kwenye ngoma, na zamani alikuwa akija.

4. Ameacha kazi aliyoipenda. Shamba limejaa magugu, na yeye si mvivu.

5. Amezidisha pombe.

6. Analia, au anakasirika kwa jambo dogo.

7. Anasema hana faida, au ni mzigo kwa watu wake.

8. Anasikia sauti zisizosikika na wengine, au anaamini watu wote wanataka kumdhuru.

Mtazame pia mama aliyejifungua. Kama analia kila siku na hataki kumshika mtoto, usiseme anadeka. Huenda ni mgonjwa.

Kuna dalili nyingine ambazo hazingojei wiki mbili. Mtu akigawa vitu vyake bila sababu, akiaga watu kama anayesafiri, akisema heri afe, au akitafuta kitu cha kujidhuru, msaidie siku hiyo hiyo.

HATUA TANO ZA HUDUMA YA KWANZA

Hatua ya kwanza: Msogelee. Chagua mahali penye faragha. Usimwulize mbele ya watu. Anza na unachokiona. Sema, "Ndugu yangu, naona siku hizi huji kisimani kuzungumza nasi. Una nini?" Akisema hana kitu, usichoke. Kaa naye. Rudi kesho.

Hatua ya pili: Sikiliza. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Sisi wenye kutoa ushauri tunapenda kusema. Hapa funga mdomo, fungua masikio. Usimkate maneno. Usimwambie, "Mbona fulani ana shida kuliko wewe?" Usimwambie ni imani haba. Akinyamaza, nyamaza naye.

Hatua ya tatu: Uliza juu ya hatari. Kama una wasiwasi kwamba anataka kujiua, mwulize waziwazi kama alivyouliza yule mama. Watu wengi huogopa. Wanadhani wakiuliza watampa mtu wazo hilo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili, wakaona si kweli. Mtu mwenye wazo hilo hupata nafuu akiulizwa kwa upole, kwa sababu sasa hayuko peke yake nalo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye vitu vya hatari. Mwite jamaa anayemwamini. Mpeleke hospitali mara moja. Akikuomba iwe siri, mwambie, "Nitakuficha kwa wasengenyaji, lakini sitaficha kwa watakaokuokoa."

Hatua ya nne: Mpe tumaini la kweli. Mwambie kwamba huu ni ugonjwa kama malaria, na una matibabu. Si laana, wala si aibu. Usimwahidi usichokiweza. Usiseme, "Kesho utapona." Sema, "Tutakwenda pamoja."

Hatua ya tano: Mfikishe penye msaada. Anza na zahanati yako, au mhudumu wa afya wa kitongoji. Zahanati ikishindwa itamwandikia barua ya kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kwa mkoa wetu, hospitali ya rufaa ni Bombo. Yuko pia afisa ustawi wa jamii. Msindikize. Kama nauli hana, changeni. Kumbukeni yule msichana wa Zimbabwe.

Na hapo kazi haijaisha. Mtembelee akirudi. Akipewa dawa, mkumbushe asiziache kwa sababu anaona nafuu. Mganga wake ndiye atakayemwambia lini aache.

MAMBO YA KUEPUKA

Mgonjwa aliyechafukwa, anayepiga kelele na kutaka kupigana, hutisha. Lakini wengi wa wagonjwa wa akili hawamdhuru mtu. Wao ndio wanaodhuriwa.

Usimfunge kamba wala minyororo. Usimpige. Usimnyime chakula. Usimcheke, wala usiwaache watoto wamrushie mawe na kumwita kichaa.

Sema naye polepole. Ondoa panga, shoka na jembe karibu naye. Waombe watu waliomzunguka waondoke, wabaki wawili au watatu anaowajua. Jilinde nawe pia: simama karibu na mlango. Ukiona hatari kubwa, mwite mwenyekiti wa kitongoji na watu wa afya.

Najua wengi wetu humpeleka mgonjwa kwa mganga wa kienyeji kwanza, au kwa shehe, au kwa mchungaji. Sikukatazi kuomba dua. Sala humpa mtu nguvu, na viongozi wa dini huaminiwa. Ninachokuomba ni hiki: dua isimzuie mtu kwenda hospitali. Mwombee, na mpeleke. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

FUNGIA DAWA ZA SHAMBA

Hapa narudi kwenye kazi yangu.

Mtu akishikwa na wazo la kujiua, mara nyingi wazo hilo huja kwa nguvu, kisha hupungua. Huenda ni saa chache tu. Kama katika saa hizo hana karibu kitu cha kumdhuru, na kama yuko mtu wa kuketi naye, wengi huokoka. Huko Sri Lanka, Serikali ilipiga marufuku dawa kali za shambani, moja baada ya nyingine. Idadi ya watu waliojiua ilipungua sana. Na mavuno hayakuanguka kwa sababu hiyo.

Basi fanya hivi. Usinunue dawa nyingi kuliko haja ya msimu mmoja. Usiiweke chini ya kitanda wala jikoni. Iweke katika sanduku lenye kufuli, mbali na nyumba ya kulala. Mkiwa na kikundi, wekeni sanduku moja la kikundi, na funguo ishikwe na watu wawili. Ukisikia mwenzenu ana mawazo mazito, pelekeni dawa za nyumbani kwake kwenye sanduku la kikundi.

Na nyinyi wenye maduka ya pembejeo, fanyeni ninavyofanya mimi sasa. Kila mtu akitaka dawa, namwuliza maswali matatu: Unapulizia zao gani? Limeota kiasi gani? Mdudu uliyemwona yukoje? Mkulima wa kweli atakujibu upesi. Asiyekuwa na jibu, usimwuzie. Mpe kiti. Muulize hali.

TUANZE VIPI KIJIJINI?

Hatuhitaji jengo. Hatuhitaji fedha nyingi. Kila kikundi cha kusoma, cha kuweka akiba au cha kilimo kichague watu wawili, mwanamke na mwanamume. Wachaguliwe wale wasiosambaza siri za watu. Mganga wa zahanati aombwe awafundishe. Wajifunze dalili, hatua tano, na njia ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Kisha wekeni benchi moja chini ya mwembe, watu wajue nani wa kumwendea.

Na anayesaidia naye ni mtu. Kusikiliza matatizo kila siku kunachosha. Ndiyo maana nikasema wawe wawili, wapate kupokezana. Kama ulijitahidi na mwenzako asiokoke, usijihukumu. Nawe tafuta wa kukusikiliza.

Ndugu msomaji, yule mama bado anauza vitumbua barazani pale Ngamiani. Siku moja nilimwuliza, "Mama, ulijuaje?"

Akanijibu, "Sikujua kitu, baba. Niliona chai imepoa."

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya kuchagua mbegu za muhogo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Bwana shamba aliona nini dukani, na hakuona nini?

2. Taja mambo matatu mazuri aliyofanya mama muuza vitumbua.

3. Katika kitongoji chenu, mtu mwenye mawazo mazito humwendea nani? Je, yuko?

4. Dawa za shamba zinawekwa wapi nyumbani kwako? Nani anaweza kuzifikia?

5. Chagueni watu wawili wa kikundi chenu. Nani ataonana na mganga wa zahanati, na siku gani?